Je, wajua kwa nini kijana wa balehe hula sana, ilhali kukua kwenyewe hakuhitaji nishati nyingi?

Kijana wa miaka 14 anapomaliza sahani yake na kuulizia kilichobaki chunguni, waliomzunguka huwa na jibu moja: anakula hivyo kwa sababu anakua. Jibu hilo limezaa hitimisho la pili, ambalo halisemwi waziwazi lakini hufuatwa na wengi, kwamba chochote atakachokula kitaishia kwenye kimo, na kwa hiyo mizani ya chakula na mazoezi ni jambo la kungojea mpaka atakapoacha kurefuka. Sehemu ya kwanza ni ukweli nusu. Ya pili haina msingi, na hesabu fupi inatosha kuonyesha hivyo.

Mvulana aliye katika kilele cha kurefuka anaweza kuongeza kilo 9 kwa mwaka, yaani gramu 25 hivi kwa siku. Wataalamu walioandaa ripoti ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, ya mwaka 2004 kuhusu mahitaji ya nishati ya binadamu walikadiria kwamba kila gramu inayoongezeka katika umri huo hubeba takribani kilokalori 2. Kijana huyo basi anahifadhi mwilini kilokalori 50 kwa siku, kiasi kinachopatikana katika nusu ya ndizi mbivu ya wastani, wakati mahitaji yake ya siku nzima yanakaribia 3,000. Hiyo haifiki asilimia 2, na hapo tumemchagua anayekua kwa kasi kubwa. Mtoto mchanga, katika miezi mitatu ya mwanzo, huelekeza kwenye ukuaji takribani theluthi ya nishati anayohitaji. Yeye ndiye anayestahili kuambiwa kwamba anakula kwa sababu anakua. Ni haki kuongeza kwamba kadirio la kilokalori 2 linahusu nishati inayobaki ndani ya tishu mpya, si kazi ya kuzijenga, ambayo huhesabiwa pamoja na matumizi mengine ya siku. Hata hivyo, kazi hiyo nayo ikijumlishwa, sehemu ya ukuaji hubaki ndogo.

Kama nishati haiendi kwenye kukua, inakwenda wapi? Inakwenda kwenye kuutunza mwili ambao umeshakua. Mwenye nyumba anayeongeza chumba hulipia matofali na ufundi mara moja, lakini chumba kikishasimama kinataka taa, kufagiwa na kukarabatiwa mwaka hadi mwaka, na gharama hizo ndizo zinazoubana mfuko wake muda mrefu baada ya fundi kuondoka. Vyumba navyo havilingani. Jiko ambalo moto wake hauzimwi usiku wala mchana linafanana na ini, ambalo kila kilo yake hutumia takribani kilokalori 200 kwa siku. Sebule kubwa isiyo na wageni inafanana na misuli iliyopumzika, ambayo kilo moja huridhika na kilokalori 13 hivi. Wageni wakiingia, yaani misuli ikianza kukimbia na kuruka, sebule hiyo hiyo hutumia kuliko vyumba vyote. Kijana aliyeingia balehe ana jiko lililopanuka kidogo na sebule iliyopanuka sana, hasa akiwa mvulana, kwa kuwa homoni ya testosteroni humwongezea misuli kwa wingi. Ndiyo maana mvulana wa miaka 17 mwenye shughuli za wastani hukadiriwa kuhitaji takribani kilokalori 3,400 na msichana wa umri huo takribani 2,500.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ukiongozwa na mtafiti Herman Pontzer na wenzake uliikazia hoja hiyo kwa namna isiyotarajiwa. Walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, vilivyopatikana kwa kuwanywesha maji yenye atomi nzito za haidrojeni na oksijeni na kufuatilia jinsi kila aina inavyotoka mwilini, njia inayofichua kiasi cha kabonidioksidi kilichotolewa na hivyo nishati iliyotumika. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili na tishu zisizo za mafuta, kasi ya matumizi ya nishati haikupanda wakati wa balehe. Ilikuwa ikishuka polepole tangu mwaka wa kwanza wa maisha hadi karibu miaka 20. Tanuri la ajabu linalodhaniwa kuwaka ndani ya kijana, likiunguza kila kitu, halikuonekana.

Kwa upande wa mazoezi, kukimbia kilomita moja hugharimu takribani kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo kijana wa kilo 50 hutumia 250 hivi katika kilomita tano. Nusu lita ya soda yenye sukari ina takribani 200, na hunyweka kwa dakika chache. Tena mwili haufuati hesabu hizi kikamilifu: baadhi ya vipimo vinaonyesha kwamba anayeongeza mazoezi hupunguza matumizi kwingineko bila kujua, ingawa ushahidi mwingi wa jambo hilo ni wa watu wazima.

Dakika 60 za mazoezi kwa siku ambazo WHO inawapendekezea wenye miaka 5 hadi 17 zina kazi nyingine ambayo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi. Takribani robo ya madini ya mifupa ya mtu mzima huwekwa katika miaka miwili tu inayozunguka kilele cha kurefuka, na kuruka na kukimbia ndiko kunakoiambia mifupa iweke mengi.

Ajabu iliyobaki ni kwamba ukuaji, licha ya kugharimu nishati kidogo hivyo, ni miongoni mwa mambo ya kwanza kusimamishwa chakula kinapokuwa kidogo kuliko mazoezi yanavyodai. Homoni ya leptini, inayotoka kwenye mafuta ya mwili, ikishuka, ubongo huahirisha balehe. Msichana aliyekwisha kuanza hedhi anaweza kuikosa, na mifupa huanza kupata nyufa za uchovu, yaani nyufa ndogo zinazotokana na kulemewa mara kwa mara. Si rahisi kusema ni kwa kiasi gani mazoezi makali yenyewe huchelewesha kimo, kwa sababu michezo kama jimnastiki huwachagua tangu mwanzo wenye miili midogo. Lakini hedhi inapokoma kwa msichana anayefanya mazoezi makali, madaktari wa michezo huanza kwa kumwongezea chakula au kumpunguzia mazoezi, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna ugonjwa au ujauzito.