"Ukipandisha kinga, kansa inaondoka": tunayosikia Moshi na yanayoonekana kwenye hadubini

Wiki iliyopita mama mmoja alikuja kuulizia majibu ya mdogo wake. Mkononi ana chupa ya dawa ya majani aliyouziwa stendi ya Moshi, imeandikwa "huongeza kinga, huyeyusha uvimbe". Akaniuliza, "Mwanangu, si kansa inakuja kinga ikishuka? Basi tukiipandisha si itaondoka?" Kazi yangu ni maabara, kuandaa vinyama vinavyokatwa kwa wagonjwa ili daktari avisome. Swali hilo nalisikia mno, na watu wanalilipia pesa nyingi.

Kuna ukweli ndani yake. Mtu mwenye VVU asiyetumia dawa hupata kwa urahisi zaidi kansa iitwayo sarkoma ya Kaposi na kansa ya mlango wa kizazi. Lakini wagonjwa wengi wa kansa hawakuanza na kinga iliyoshuka. Nikipaka rangi kinyama cha titi na kukiweka chini ya hadubini, mara nyingi katikati ya zile seli kubwa zilizopoteza umbo naona vidoa vidogo vya bluu iliyoiva, kama mbegu za mchicha zilizomwagika mezani. Hizo ni limfosaiti, seli za kinga. Mjerumani Rudolf Virchow aliona seli nyeupe ndani ya uvimbe tangu 1863. Kinga imeshafika pale. Cha kuuliza ni inafanya nini.

Chukua makrofaji, seli nyingine ya kinga. Seli hii hula vijidudu, ila ina kazi ya pili: kuponya kidonda. Huita mishipa mipya ya damu, hulegeza nyama ili seli mpya zipite, kisha hutuliza mapambano. Uvimbe hutoa ishara za kikemikali, ziitwazo sitokini, zinazoivuta kwenye kazi hiyo ya pili, na hapo makrofaji inaanza kuulisha uvimbe damu. Ndiyo maana mwaka 1986 Harold Dvorak wa Marekani aliufananisha uvimbe na kidonda kisichopona. Zipo pia seli T, aina ya limfosaiti. Baadhi ni za kutuliza, ambazo kwa kawaida huuzuia mwili usijishambulie. Zikijaa kwenye uvimbe, huzifunga mikono seli T zinazoua.

Sasa ile chupa inaongeza kinga ipi, inayoua au inayolisha? James Allison na Tasuku Honjo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua breki ambazo kansa huzikanyaga ili seli T zisimame. Dawa zilizotokana na kazi yao huachia breki hizo. Ni ghali sana, haziwafai wagonjwa wote, na zinaweza kuifanya kinga igeukie utumbo au mapafu.

Kinga ikiwaka miaka mingi bila kuzimika, yenyewe inaweza kuleta kansa. Sikiliza maneno mengine ya mtaani: "Vidonda vya tumbo ni pilipili na mawazo." Vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, Barry Marshall na Robin Warren walipewa Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua. Anaweza kukaa tumboni miaka mingi, na miaka yote hiyo seli nyeupe zinammwagia kemikali kali zinazounguza pia vinasaba vya seli za jirani. Seli zinakufa, nyingine zinagawanyika kuziba pengo, na kila mgawanyiko una nafasi ya kukosea. Wengi wenye bakteria huyu hawapati kansa, lakini ndiye chanzo kikubwa cha kansa ya tumbo. Naumia nikiona mtu anameza vidonge vya kupunguza asidi mwezi hadi mwezi bila kupimwa. Vidonge hivyo peke yake havimwondoi. Lazima antibiotiki ziwemo. Homa ya ini B nayo huchochea ini hivyohivyo, kwa miaka.

"Chai ya moto inaua vijidudu kooni." Hapa tunajiumiza wenyewe. Watafiti walipopima chai watu wakiwa wanaanza kuinywa hapa Kilimanjaro, wastani ulikuwa nyuzi 70 na ushei. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha kansa ya umio. Nyumbani kwangu Pasua nilipima chai ya maziwa kutoka kwenye chupa ya chai: 78. Baada ya dakika sita, 66. Dakika mbili zaidi, kunywa.

"Kukatwa kinyama kunaiamsha kansa." Haiamshwi. Kusambaa kwa sababu ya sindano ya kuchukulia kinyama ni jambo la nadra mno. Wagonjwa wengi hufika kansa ikiwa imeshatembea, halafu kisu ndicho kinasingiziwa.

Na tafadhali, usimeze aspirini kila siku ukidhani unazima moto huo wa kinga. Imesaidia watu wenye kasoro fulani ya kurithi inayoleta kansa ya utumbo mpana, chini ya daktari, na inaweza kutoboa tumbo. Mwaka 2017 dawa nyingine ya kutuliza sitokini moja ilionekana kupunguza kansa ya mapafu, lakini maambukizi yenye kuua yakaongezeka.

Yule mama nilimwambia, "Mama, Jumanne nenda naye kliniki, na chupa hii mwonyeshe daktari kabla mdogo wako hajaanza dripu ya dawa za kansa." Majani mengine huliumiza ini, na ini ndilo litakalobeba dawa zile. Aliifunga kwenye kanga pamoja na kadi ya kliniki.