Penzi Lisilo na Pa Kukaa

Kila mwaka nikifika kwenye sheria za makaburu wa Afrika Kusini, zilizotenga watu kwa rangi, swali ni lile lile, na hutoka nyuma ya darasa: "Mwalimu, wavulana wawili wakipendana, mmoja mzungu na mwingine mweusi, walishtakiwa kwa kosa gani?" Darasa hucheka. Nawaacha wacheke, kisha nawaambia wafungue Sheria ya Uasherati ya 1957, kifungu cha 16, wanitafutie jibu.

Hawalipati. Kifungu hicho kilifunga watu wengi kwa kupenda nje ya rangi yao, lakini kilimtaja mwanamume na mwanamke tu. Sheria ya 1949 iliyokataza ndoa za mchanganyiko nayo hivyo hivyo. Kwa usomaji wangu, waliozitunga walikuwa wanaogopa mtoto, yule ambaye karani angekwama asijue amwandike kwenye daftari la rangi gani. Wavulana wawili hawazai, kwa hiyo vita vya kulinda damu ya kizungu viliwapita pembeni.

Hawakusalimika, lakini. Ilikuwepo sheria kongwe zaidi, iliyorithiwa kwa Waholanzi, iliyoharamisha uhusiano wa wanaume bila kuuliza rangi. Januari 1966 polisi walivamia sherehe kwenye nyumba moja ya Forest Town, Johannesburg, na zogo lililofuata likazaa marekebisho ya 1969. Humo mlikuwa na kifungu cha 20A, kilichokataza mambo ya wanaume "kwenye sherehe", na sherehe ikafafanuliwa kuwa tukio lolote lenye watu zaidi ya wawili. Mimi hula mkate wangu kwa kusoma sheria, na za kipuuzi nimezisoma nyingi, ila hii bado hunichekesha. Mkiwa watatu chumbani, tayari ni karamu.

Sasa, mvulana wa miaka kumi na mitano hasomi gazeti la serikali. Tukiishia kwenye vifungu vya uasherati hatutaelewa kitu. Penzi la kwanza la umri ule halidai makubwa. Linataka ukuta wa kuegemea jioni, dawati la pamoja, njia ya kurudi nyumbani ambayo mnaizungusha makusudi ili isiishe upesi. Vitu hivyo ndivyo makaburu walivyovigawa. Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950 iliamua nani akae mtaa gani. Mwaka 1953 wakagawa mabenchi, fukwe na mabasi, na mwaka huo huo wakawatungia watoto weusi elimu yao ya peke yake. Penzi la wavulana wa rangi mbili halikuhitaji kukamatwa na polisi, maana wenyewe hawakukutana. Wahenga wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini ili ukohoe sharti kwanza uambukizwe.

Ndiyo sababu waliofanikiwa kukutana wengi wao walikuwa wameshauvuka ubarubaru. Simon Nkoli, aliyezaliwa Soweto mwaka 1957, alikuwa kijana alipompenda mzungu mmoja dereva wa basi. Mama yake alihangaika naye kwa waganga na kwa padri. Vijana hao walipotaka kuishi pamoja mjini, upenyo ulikuwa mmoja: mweusi aliruhusiwa kulala kwenye mtaa wa wazungu akiwa mtumishi. Basi Nkoli akajifanya boi wa mpenzi wake. Hebu fikiria: jirani akipita unashika ufagio, akishapita unaketi mezani.

Mwaka 1984 alikamatwa kwa siasa na akaingizwa kwenye kesi ya uhaini ya Delmas. Gerezani aliwaambia washtakiwa wenzake yeye ni nani. Baadhi walikasirika, wakaona atawaharibia kesi. Wengine ikawabidi wafikiri upya juu ya uhuru walioutaka. Aliachiwa mwaka 1988, na Oktoba 1990 alikuwa mstari wa mbele katika maandamano ya kwanza ya wapenzi wa jinsia moja mjini Johannesburg. Alifariki kwa UKIMWI mwishoni mwa Novemba 1998. Wiki chache kabla, Mahakama ya Katiba ilikuwa imeifuta ile sheria kongwe.

Ukizipanga tarehe utaona kitu. Ukuta wa rangi katika mapenzi uliondolewa mwaka 1985, makaburu wenyewe wakiwa bado madarakani. Ukuta wa pili ulidumu miaka kumi na mitatu zaidi. Mzungu na mweusi, mume na mke, walishaoana kihalali na kupata watoto walioanza shule wakati wavulana wawili wa rangi moja bado walikuwa wahalifu. Katiba ya 1996 nayo iliweka rangi, dini na mwelekeo wa kimapenzi ndani ya sentensi moja, kifungu cha 9.

Dini nimeiacha hadi mwisho kwa sababu ndiyo inayonisumbua zaidi, na Cape Town ndipo mahali pa kuitazama. Uislamu ulifika huko na watumwa na wafungwa waliosafirishwa na Waholanzi kutoka visiwa vya Indonesia na kwingineko. Wajukuu wao, makaburu waliwaita Wamalay na kuwaandika kama tawi la machotara. (Neno hilo silipendi, ila ndilo tulilonalo.) Kumbe umalay wenyewe kipimo chake kikubwa kilikuwa Uislamu. Dini ikageuzwa rangi, na mtaa wa Bo-Kaap ukatengwa kwa ajili yao. Na vizuizi vya dini havikubomolewa na katiba: Muhsin Hendricks, imamu wa Cape Town aliyejitangaza mwaka 1996 kuwa anapenda wanaume, aliuawa kwa risasi Februari 2025, ingawa sababu ya mauaji hayo siijui kwa uhakika.

Chini kidogo ya mlima palikuwa na mtaa wa District Six, ambako Waislamu, Wakristo na Wayahudi walibanana kwenye vichochoro vile vile. Kwa desturi ya Cape Town, asubuhi ya Jumapili mama wa Kiislamu anakaanga koesista, maandazi ya viungo yaliyochovywa kwenye shira, na jirani Mkristo ananunua. Chukua, kwa mfano tu, mwana wa mpishi na mwana wa mnunuzi. Sahani inapelekwa, sahani inarudishwa. Kwa barubaru aliyependa, sahani tupu ni kisingizio tosha cha kubisha hodi.

Tarehe 11 Februari 1966 serikali ilitangaza kuwa District Six ni eneo la wazungu. Watu zaidi ya 60,000 walihamishwa, wengi wakatupwa kwenye uwanda wa mchanga wa Cape Flats, mwenye nyumba huku na jirani yake kule. Nyumba zikavunjwa kwa mabuldoza mtaa kwa mtaa. Misikiti na makanisa yakaachwa yamesimama katikati ya kifusi, na waumini wakawa wanarudi kwa basi kuja kuswali na kusali. Wavulana wetu wale wangeweza basi kuendelea kurudi mtaani kwao kila wiki kwa miaka yote. Mmoja Ijumaa, mwingine Jumapili.