Ukuzaji wa darubini, na kwa nini nebula haihitaji kuvutwa

Waonyeshe watu picha ya nebula, yaani wingu la gesi na vumbi huko angani, waambie imepigwa kwa darubini ya kioo (inayokusanya mwanga kwa kioo kilichopinda badala ya lenzi) ya kununua dukani, na swali la kwanza ni lile lile: "Inavuta mara ngapi?" Wauzaji nao wamelikoleza. Boksi la darubini yenye kioo cha kipenyo cha milimita 76 linaandikwa "525x" kwa herufi kubwa kuliko maelezo mengine yote, na mnunuzi anaondoka akiamini kabeba mashine ya kuisogeza nebula mpaka dirishani.

Ukuzaji ni hesabu fupi. Chukua urefu wa fokasi wa darubini, yaani umbali kutoka kioo kikuu hadi taswira inapotua, gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho, ile unayochungulia. Darubini ya fokasi ya milimita 650 na lenzi ya milimita 25 inakupa mara 26. Chomeka lenzi ya milimita 10, inakuwa mara 65. Basi. Yaani ukuzaji si sifa ya darubini bali ya lenzi uliyochagua usiku huo. Tena una kikomo: ukishavuka takriban mara mbili kwa kila milimita ya kipenyo cha kioo, unachokuza ni ukungu. Ile 525 ya kwenye boksi ingepaswa kuishia 150 hivi.

Sasa njoo kwenye upigaji picha, ndiko swali linakoharibika kabisa. Ukitaka kupiga nebula, kwa kawaida lenzi ya jicho unaing'oa. Kamera nayo unaivua lenzi yake, unaichomeka palepale, na kioo kikuu kinaangusha taswira moja kwa moja juu ya sensa, kile kibamba cha kamera kinachopokea mwanga. Hakuna lenzi ya jicho, kwa hiyo hakuna cha kugawanyia. Mpigapicha anayesema hajui picha yake "imevutwa mara ngapi" hafichi siri. Anachoweza kukuambia ni ukubwa wa taswira: kwa fokasi ya milimita 650, nyuzi moja ya anga inakuwa na upana wa milimita 11 na kidogo juu ya sensa.

Na nyuzi moja si kidogo. Nebula kubwa ya Jabari, kundi la nyota ambalo wengi wanalijua kwa jina la Orion, ina upana wa nyuzi moja na ushei, mara mbili ya Mwezi mpevu. Kwa aliye Dar es Salaam inapita karibu kabisa na utosi. Ni kubwa kuliko Mwezi na bado watu wanataka kuivuta! Shida yake ni ufifi. Kwenye kamera yenye sensa ya upana wa milimita 24 hivi inajaa nusu ya fremu, inakaa vizuri. Mtu akiweka lenzi ya Barlow ya mara mbili, yaani lenzi ya ziada mbele ya kamera inayorefusha fokasi mara mbili, nebula inagusa kingo zote, na mwanga ule ule sasa umetandazwa kwenye eneo mara nne, kama kijiko kimoja cha siagi kilichotosha boflo moja na sasa kinapakwa boflo nne. Picha iliyotaka dakika moja shata ikiwa wazi sasa inataka dakika nne.

Dakika hizo nne zina gharama, maana Dunia haisimami. Kwa fokasi hiyo ya milimita 650 na kamera yenye pikseli za maikromita 4, nyota inahama karibu pikseli 12 kila sekunde kama stendi haiifuati. Kwa Barlow, 24. Ukivuta nebula umevuta pia kosa la mota inayoizungusha stendi kufuata nyota, upepo, na mguu wa stendi uliodidimia mchangani.

Kinachofanya kazi ni kipenyo cha kioo na muda, na hili limejulikana tangu karne ya 19. Henry Draper aliipiga picha nebula ya Jabari mwaka 1880 kule Marekani, kwa darubini ya lenzi. Mwaka 1883 Andrew Ainslie Common, mhandisi Mwingereza ambaye nyota hazikuwa kazi yake ya kumpa mkate, aliipiga kwa darubini ya kioo cha sentimita 91 nyumbani kwake Ealing, London. Bamba lake la picha, lililofanya kazi ya sensa enzi hizo, lilionyesha nyota ambazo jicho halikuweza kuziona hata kwa darubini kubwa. Jicho haliwezi kulimbikiza mwanga kwa nusu saa, bamba linaweza. Common alipewa medali ya dhahabu ya Royal Astronomical Society, chama cha wataalamu wa nyota cha Uingereza, mwaka uliofuata, na hakuna aliyemuuliza amevuta mara ngapi. Angalau napenda kuamini hivyo.

Watetezi wa Barlow wana haki mahali pamoja. Darubini nyingi ndogo za kioo zimetengenezwa kwa kuchungulia, si kwa kamera. Unachomeka kamera, unazungusha fokasi mpaka mwisho wa ndani, na nyota bado ni duara nene lenye tundu jeusi katikati, ambalo ni kivuli cha kioo kidogo kinachoelekeza mwanga pembeni kwenye kamera. Taswira imetua kabla ya kufika kwenye sensa. Barlow huisukuma nje na nyota inakuwa kitone. Lakini hapo imewekwa kuokoa fokasi, na ukuzaji ni hasara inayokuja nayo. Wengine wanaona bora kukisogeza kioo kikuu mbele kwa skrubu ndefu zaidi.

Kwa Jupita au pete za Zohali, vuta unavyotaka mpaka hewa ikukatalie. Vile ni vidogo na vinang'aa. Kwa nebula, swali la kumuuliza mwenye darubini ni kipenyo cha kioo na urefu wa fokasi. Akijibu "130 kwa 650", hajakwepa swali lako. Lile la mara ngapi linahusu lenzi ya jicho, na lenzi hiyo usiku ule ilikuwa kwenye boksi.