Muziki ni kilevi, lakini je, ni dawa ya kulevya?

Mdundiko, ngoma inayopigwa ikizunguka mitaani, ukipita mitaa ya Temeke au Mbagala, Dar es Salaam, watoto huufuata. Huanza kwa hatua mbili tatu nyuma ya wapiga ngoma, wakajisahau, ukapita mtaa wa pili, wa tatu, na ikikaribia magharibi utamsikia mama anapita nyumba hadi nyumba akimuulizia mwanawe. Nami niliufuata hivyo hivyo nikiwa na miaka minane au tisa. Njia niliyopita siikumbuki. Nakumbuka mgongo wa mpiga ngoma uliolowa jasho, vumbi, na miguu yangu inakwenda yenyewe. Mzee mmoja muuza kahawa ndiye aliyenirudisha nyumbani. Bibi hakunichapa. Alinitazama tu akasema, "Huyu kalewa ngoma."

Alikuwa sahihi, kwa sababu Kiswahili kina maneno matatu ambayo swali la muziki na dawa za kulevya huyachanganya. Kilevi ni chochote kinachoitoa akili katika hali yake ya kawaida. Ndiyo maana tunasema mtu kalewa pombe, kalewa mapenzi, kalewa madaraka. Dawa ya kulevya ni jambo finyu zaidi: ni kemikali inayoingia mwilini kwa kumezwa, kuvutwa, kutafunwa au kuchomwa sindano, ikabadili utendaji wa ubongo. Uraibu ni hali ya tatu, pale mtu anaposhindwa kuacha kitu hata anapoona kinamwangamiza, na hauhitaji kemikali. Shirika la Afya Duniani linauhesabu uraibu wa kamari kuwa ni ugonjwa. Kwa hiyo kuuliza kama muziki unalewesha ni swali moja, na kuuliza kama ni dawa ya kulevya ni swali jingine kabisa.

La kwanza halina ubishi, hasa kwa watu wa pwani. Neno taarab lenyewe limetokana na neno la Kiarabu, tarab, ambalo asili yake si jina la ala wala mtindo wa kuimba. Ni jina la hali, ile furaha au majonzi yanayomshika msikilizaji mpaka akakosa utulivu. Sultani Barghash alipoleta wanamuziki wa Misri Unguja katika karne ya 19, alileta muziki unaoitwa kwa kile unachomfanyia mtu. Ukimwona mama ameinuka kitini ukumbini, noti mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji huku machozi yanamlengalenga, hapo tarab imemshika. Vijana wana neno lao: midadi imempanda.

Sasa tuingie ndani ya kichwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walichapisha jaribio ambalo hutajwa karibu kila mtu anapofananisha muziki na kokeini. Walichukua watu wanane ambao miili yao husisimka waziwazi wakisikia muziki wanaoupenda, vinyweleo vikasimama. Kila mmoja alikuja na vipande alivyochagua mwenyewe, visivyo na maneno ya kuimbwa. Mashine za kupiga picha za ubongo zikaonyesha dopamini, kemikali ya ubongo wenyewe, ikimwagika katika eneo linaloshughulika na tuzo, yaani hisia ya raha, eneo hilo hilo linaloamshwa na chakula, na tendo la ndoa, na dawa za kulevya. Tena ilimwagika kwa awamu mbili: sehemu moja ya eneo hilo ilifanya kazi wakati msikilizaji anakisubiri kilele cha wimbo, nyingine kilele kilipofika. Kumbe ule muda mfupi kabla ya kiitikio, unapoona kabisa kinakuja na hakijaja, tayari ni sehemu ya ulevi.

Ushahidi hauishii hapo. Mwaka 2019 watafiti waliwapa wasikilizaji 27 vidonge tofauti kwa siku tofauti. Walipomeza levodopa, dawa ya wagonjwa wa Parkinson inayoongeza dopamini, muziki uliwapa raha zaidi. Walipomeza risperidoni, inayoizuia dopamini, raha ilipungua. Na zamani kidogo, mwaka 1980, mwanasayansi Avram Goldstein wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwadunga watu naloksoni, dawa inayotumika kumwokoa mtu aliyezidisha heroini, kisha akawasikilizisha muziki. Kwa baadhi yao ule msisimko wa mwili ulififia. Maana yake ni kwamba muziki unapita, angalau kwa sehemu, katika mlango ule ule inaopitia heroini.

Hadi hapa hoja ya wanaoufananisha muziki na dawa za kulevya ina nguvu, na sipendi kuipuuza. Ila kuna jambo katika jaribio lile la Montreal ambalo wanaolinukuu huliruka. Watafiti walihitaji pia muziki usiomsisimua mtu ili walinganishe. Wakautoa wapi? Kwa wenzake. Kipande kilichomsimamisha mmoja vinyweleo kilitumika kwa mwingine kama muziki wa kawaida tu, na hakikumfanya lolote. Wape watu wanane gongo kwa kipimo kimoja na wote wanane watalewa, anayeipenda na anayeichukia. Kemikali haiulizi wewe ni nani, umelelewa wapi, wimbo huo uliusikia kwenye harusi ya nani. Muziki hauwezi kukulewesha bila kuuliza hayo. Wenyewe ni mtikisiko wa hewa. Kinacholewesha unakitengeneza mwenyewe, kwa kumbukumbu zako na kwa kile ulichozoea kukitarajia.

Ngoma za pepo zinalionyesha hili vizuri kuliko maabara. Wako wazungu waliodhani kwamba mapigo ya ngoma yenyewe, kwa kasi fulani, yanautikisa ubongo mpaka mtu apandishe pepo. Mtafiti Mfaransa Gilbert Rouget aliipinga dhana hiyo kwa nguvu: kama ngoma ingefanya hivyo yenyewe, nusu ya Afrika ingekuwa imepandisha mwaka mzima. Aliyewahi kukaa kwenye uganga wa pwani anajua. Kila pepo ana ngoma yake na nyimbo zake, na mwenye kiti, yaani mtu mwenye pepo, hupandisha pale wa kwake anapoitwa. Mpiga ngoma, ambaye sikio lake liko karibu zaidi kuliko la yeyote, anaendelea kupiga hadi alfajiri akiwa na akili zake timamu.

Wapo pia watu wachache ambao muziki hauwapi raha hata kidogo. Watafiti wa Barcelona waliwapima na kuchapisha matokeo mwaka 2014: masikio yao mazima, wimbo wa huzuni wanautambua kuwa ni wa huzuni, na wakishinda pesa katika mchezo wanafurahi kama wengine. Mlango wa tuzo uko wazi, ila muziki haufiki hapo.

Kazi inayofanana na ya dawa, muziki unaifanya kweli, na hapa namaanisha dawa ya hospitali. Jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha mwaka 2015 uchambuzi wa majaribio 73 kwa wagonjwa karibu 7,000 waliofanyiwa upasuaji. Waliosikilizishwa muziki walikuwa na maumivu na wasiwasi kidogo kuliko wenzao, na walihitaji dawa chache za kutuliza maumivu. Wakimbiaji nao wanaujua. Haile Gebrselassie wa Ethiopia aliomba apigiwe wimbo alioupenda uwanjani Birmingham mwaka 1998, akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani. Zile sauti zinazouzwa mtandaoni kama "dawa za kulevya za masikio", toni moja sikio la kulia na nyingine la kushoto, zisikupotezee bando. Mjerumani Heinrich Dove aliligundua jambo hilo katika karne ya 19 na halijamlewesha mtu kama bangi. Madhara ya kweli ni kwa masikio: Shirika la Afya Duniani linashauri usizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na spika za vigodoro, zile sherehe za usiku mitaani, zinavuka hapo mbali sana.

Kilichonifanya niandike haya, hata hivyo, ni arosto, yale mateso ya mraibu anapokosa dawa yake. Ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, alitumia unga, yaani heroini, kwa miaka sita. Nilikaa naye usiku mmoja alipoukosa. Alipiga miayo mfululizo, kamasi na machozi yakamtoka, tumbo likamkata, akaharisha, akawa anatetemeka kwenye joto la Machi. Nilimshika mkono nikaona vinyweleo vyote vimesimama. Ni ngozi ile ile inayosimama ukisikia wimbo mzuri, na kwake ilikuwa mateso matupu. Kosa simu yako wiki nzima, usisikie wimbo hata mmoja; utanung'unika, utaimba mwenyewe ukiwa unaoga. Hutaharisha, hutamwibia mama yako sufuria. Wala hakuna aliyezidisha wimbo akaacha kupumua, na kuacha kupumua ndiko kunakowaua wanaozidisha heroini. Ndiyo maana mtu anaponiambia yeye ni "teja wa muziki" namwomba atafute neno jingine.

Ndugu yangu aliingia kwenye tiba ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, ile iliyoanza hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, ambapo mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Huko wanafundishwa kuviepuka vichocheo, yaani mahali, watu na vitu vinavyoamsha hamu ya kurudia. Kwenye orodha yake alikuwa ameandika kijiwe kimoja, jina la rafiki, na wimbo mmoja wa Bongo Fleva uliokuwa ukipigwa maskani kwao.

Mwezi wa tatu wa tiba tulipanda daladala pamoja asubuhi. Tulikuwa tumesimama, tumebanana, konda anadai nauli, redio inazungumzia mpira. Kisha wimbo ule ukaanza. Ni wimbo mzuri, mimi mwenyewe naupenda, na abiria mmoja mbele alianza kuuimba. Ndugu yangu akanishika kifundo cha mkono, kiganja chake kimelowa.

"Kaka, tushuke."

Tulishuka vituo viwili kabla, tukatembea juani bila kusema sana. Dozi yake aliinywa saa nne kasorobo.