Ndimu haipiki samaki

"Daktari, mimi sikula samaki mbichi. Nilimkamulia ndimu mpaka akawa mweupe." Nimeshachoka kuyasikia maneno haya, na kila anayenieleza hivyo huwa amejikunja kitandani, mkono uko chembe cha moyo.

Ndimu inagandisha protini, basi. Nyama inakuwa nyeupe, macho yanaona imeiva, lakini lava wa anisakisi, yaani mnyoo mchanga anayejificha ndani ya samaki, yupo pale pale. Mnyoo huyu hukomaa tumboni mwa nyangumi na pomboo. Asidi ameizoea tangu zamani. Siki na pilipili navyo havimtishi. Juzi nilimtoa mmoja kwa kamera ya tumbo: uzi mweupe wa kama sentimita 2, kichwa kimezama kwenye ukuta wa tumbo, mkia bado unacheza. Mgonjwa alikuwa amekula jodari aliyelala kwenye ndimu usiku kucha. Usiku kucha!

Kinachomuua ni moto au baridi kali. Ukipika, joto lifike nyuzi 63 katikati ya mnofu, si juu tu. Ukigandisha ili umle mbichi, iwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Friza ya nyumbani inayofunguliwa kila saa, na umeme wetu huu, usiihesabu. Barafu ya soko la samaki la Feri inachelewesha samaki kuoza, haiui mnyoo.

"Huyu katoka baharini leo alfajiri." Mnyoo naye katoka baharini leo alfajiri, humo humo ndani. Samaki akishakufa, baadhi ya lava hutoka kwenye utumbo na kuingia kwenye mnofu. Kwa hiyo nawasihi: mpara samaki amtoe matumbo pale pale sokoni, msisubiri mfike nyumbani Mbagala.

"Ni vidonda vya tumbo tu." Maumivu makali yakianza saa chache baada ya kula samaki mbichi au ngisi mbichi, mwambie daktari ulichokula, hata asipokuuliza.

Dawa ya minyoo ya dukani? Usiitegemee. Akiwa tumboni, tiba ya uhakika ni kumtoa.

Kumwambukiza mwenzako? Haiwezekani, hatagi mayai ndani ya binadamu.

Ila mwenye mzio wa mnyoo huyu naye awe mwangalifu: hata mnyoo aliyekufa kwa kupikwa anaweza kumwasha na kumvimbisha midomo.

Na supu ya pweza, mnaniuliza sana. Imechemka vizuri? Kunywa.