"Mwigizaji wa Tabia" Ni Mwigizaji Gani?

Kuna kijana pale kijiweni kwetu Ngamiani, Tanga, ana ukurasa wake wa habari za wasanii. Juzi, kabla hajairusha, alitusomea habari ya mwigizaji mmoja wa Marekani: "Mwigizaji mkongwe wa tabia: maisha yake, kazi na utajiri." Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe, akauliza, "Wa tabia gani? Nzuri au mbaya?" Watu walicheka, kijana naye akacheka, na habari ikarushwa vilevile ilivyokuwa. Mwaka huu nimeshalikuta neno hilo mara nne, kwa hiyo leo naliandikia.

Anayekusudiwa, ambaye Kiingereza humwita "character actor", ni mwigizaji ambaye si steringi. Hubeba wahusika wa pembeni wenye namna yao ya pekee: mlevi wa mtaani, karani wa mahakama, baba mkwe mkorofi, jambazi asiyesema sana. Filamu hii ni polisi, ile ni mchungaji. Ukimwona unasema "huyu namjua", lakini jina huna. Ndiyo maana yenyewe, haina zaidi.

Tatizo ni hiyo "tabia", nayo imetoka kwenye mashine ya kutafsiri. Kiingereza hutumia neno moja, "character", kwa mambo mawili: mwenendo wa mtu, na mtu aliyemo ndani ya hadithi. Sisi tuna maneno mawili. La kwanza ni tabia, la pili ni mhusika. Mashine ikikutana na "character" huokota lolote lililo karibu, na mara nyingi la karibu ni tabia.

Haki ya mashine niitoe, maana nilipochimba nilikuta jambo lililonishangaza. "Character" ni neno la Kigiriki la zamani, na maana yake ya kwanza ilikuwa chapa, ile alama inayochongwa au kugongwa kwenye sarafu. Tabia nalo limetoka Kiarabu, na mzizi wake ndio huohuo wa kupiga chapa. Wazee waliosoma vitabu vya dini watakumbuka kuwa kiwanda cha kuchapa vitabu huitwa matbaa. Yaani Wagiriki na Waarabu, kila mmoja kwa njia yake, waliuona mwenendo wa mtu kama muhuri uliogongwa usiofutika. Kwa asili ya maneno, basi, mashine haikukosea sana.

Imekosea kwa Kiswahili kinavyosemwa. Kwetu tabia imebaki kwa mwenendo peke yake, na mara nyingi mbaya. Mama akisema "huyu mtoto ana tabia!" hakuna anayedhani anamsifu. Sasa mwite mtu "mwigizaji wa tabia". Mimi hunijia picha ya bwana anayejifanya mcha Mungu wakati wa posa, akishaoa anabadilika. Huyo tunaye, na jina lake ni mnafiki.

Mhusika ametokana na kuhusu: ni yule ambaye kisa kinamhusu. Na wanaocheza filamu hapa nchini wana msemo mzuri kuliko wa hao wenye lugha yao. Husema fulani "ameuvaa uhusika". Ameuvaa, kama kanzu, na jioni atauvua aende zake nyumbani. Chapa haivuliki. Ndiyo sababu "mwigizaji wa uhusika" linamfaa mtu huyu, kwa kuwa ufundi wake ni kuvaa na kuvua.

Mfano safi ni Harry Dean Stanton, aliyezaliwa Kentucky mwaka 1926 na kufariki mwaka 2017 akiwa na miaka 91. Alianza katika miaka ya 1950, akaonekana katika filamu na tamthilia zaidi ya 100, karibu zote pembeni. Usteringi wa filamu kubwa aliupata mwaka 1984, akiwa na miaka 57, umri ambao hapa kwetu mtu anahesabu miezi ya kustaafu. Mhakiki Roger Ebert aliwahi kuweka kanuni kwamba filamu yoyote yenye Stanton au M. Emmet Walsh katika nafasi ya pembeni haiwezi kuwa mbaya kabisa. Baadaye mwenyewe alikiri kuwa kanuni hiyo iliwahi kuvunjika, lakini heshima ilibaki.

Hapa Tanga mtu atanitajia Mzee Majuto, na atakuwa na haki. Amri Athumani alizaliwa Tanga mwaka 1948, akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, akarudishwa Tanga kuzikwa. Kuna watakaosema yeye alikuwa steringi wa vichekesho vyake mwenyewe, nami sibishi. Lakini angalia mambo yalivyogeuka. Stanton watu walijua sura, jina wakalitafuta. Majuto watoto wa nchi nzima walijua jina, ila lilikuwa la mhusika; la Amri Athumani wengi walilisikia siku ya msiba. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Pwagu na Pwaguzi wa redio, na kwa Mzee Small. Kwetu kanzu huganda mwilini. Labda ndiyo sababu hatukuwahi kuhitaji jina la kazi hii: tulimwita mtu kwa kanzu yake, ikatosha.

Nimebakiwa na neno la mwisho kwenye kile kichwa cha habari: utajiri. Tajiri kwa Kiarabu ni mfanyabiashara. Pwani hii bado tunalitumia karibu na asili yake. Dereva wa daladala hupeleka hesabu kwa tajiri, na mabaharia huzungumzia tajiri wa chombo, hata kama tajiri mwenyewe amevaa ndala zilizokatika. Tajiri ni mwenye chombo. Katika filamu mwenye chombo ni aliyeitengeneza au aliyeinunua, na mwigizaji wa pembeni ni baharia.

Baharia wa Marekani ana nafuu moja. Mwaka 1960 waigizaji waligoma, chama chao kikiongozwa na Ronald Reagan, yule aliyekuja kuwa rais, na mgomo ule ukawapatia malipo kila filamu zao mpya zinapooneshwa tena kwenye televisheni. Ni kama mvuvi kulipwa tena kila samaki wake anapopashwa moto. Kwa hiyo mzee aliyecheza vijisehemu 80 anaweza kuendelea kupokea vijihundi hadi uzeeni. Kwetu mazoea yamekuwa msanii kulipwa mara moja, filamu ikauzwa, ikarudiwa, ikanakiliwa, naye akawa anaiona dukani kama mteja mwingine. Hayo ni mapato, au ukosefu wake. Zile dola milioni kadhaa zinazoandikwa mitandaoni ni makadirio ya watu wasiojua mali ya mtu wala madeni yake.

Jana kijana alinifuata, simu mkononi. "Mjomba, sasa niandike nini?"

Nikamwambia: andika "mwigizaji wa uhusika". Ukiona ni zito kwa wasomaji wako, andika "mwigizaji mkongwe" tu, uongeze kuwa amezoeleka kwenye nafasi za pembeni, watakuelewa. Na pale penye utajiri, mwanangu, weka mapato. Kama mapato yake huyajui, paruke.