Skrini ya bluu ikitaja draiva, usiihukumu bado

Dalili zenyewe nazizoea. Skrini inakuwa nyeusi ghafla, inarudi, mwenye kompyuta anaendelea na kazi zake. Siku nyingine inaganda kabisa, kisha inatokea skrini ya bluu yenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE na jina la faili ya draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia kadi ya michoro: nvlddmkm.sys kama kadi ni ya NVIDIA, amdkmdag.sys kwa AMD, igdkmd64.sys kwa Intel. Hapo wengi hukimbilia kupakua draiva mpya. Mimi huanzia kwingine.

TDR (Timeout Detection and Recovery, yaani kugundua kukwama na kujirudisha) ni utaratibu ulioingia na Windows Vista. Kazi iliyopewa kadi ya michoro ikikwama zaidi ya sekunde 2, Windows huianzisha upya kadi pamoja na draiva yake, kompyuta ikiendelea kuwaka. Ule weusi wa ghafla ndio huo. Ikishindikana, au ikijirudia zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 60, ndipo skrini ya bluu inapokuja. Kwa hiyo jina la faili linakuambia kazi ilikwama mikononi mwa nani. Aliyeikwamisha anaweza kuwa mwingine. Joto kali, kumbukumbu ya kadi iliyoanza kufa, pawa saplai isiyomudu mzigo, kadi iliyoongezwa kasi kupita ya kiwandani: vyote huleta ujumbe uleule.

Kipimo changu cha kwanza hakihitaji programu yoyote. Ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka, uitazame skrini. Ukiona mistari au vidoadoa vya rangi humo, iache draiva, maana bado haijapakiwa. Tafuta kebo mbovu, kioo au kadi yenyewe.

BIOS ikiwa safi, fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, sehemu ya System, utafute tukio namba 4101. Hilo ndilo Windows huandika draiva ya skrini inapoacha kuitikia kisha ikarudi. Shuka mpaka la zamani kabisa, uangalie tarehe yake, halafu ulinganishe na siku draiva ilipobadilishwa. Windows Update huweza kuibadilisha bila wewe kujua, kwa hiyo kauli ya “sijagusa kitu” huwa ya kweli na bado haisaidii. Tarehe zikifuatana, nenda Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, fungua kadi, bonyeza Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, hakuna toleo la awali lililohifadhiwa.

Hapo ndipo nafuta draiva yote. Nachomoa intaneti kwanza, Windows isiniwahi na draiva yake, naingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya msingi tu), naendesha Display Driver Uninstaller, programu ya kufuta draiva ya skrini bila mabaki, kisha nasakinisha toleo lililokuwa likifanya kazi vizuri, hata kama ni la zamani. Kwa laptopu naanza na draiva ya mtengenezaji wa laptopu yenyewe.

Utulivu ndani ya Safe Mode usikudanganye. Humo kadi inatumia draiva ya msingi na karibu haina kazi, hivyo hata kadi mbovu hutulia. Na ule ushauri wa kurefusha TdrDelay, yaani zile sekunde 2 za kusubiri, kwenye rejista (hazina ya mipangilio ya Windows) siupendi: unafaa kwa mahesabu marefu halali, vinginevyo unarefusha tu muda wa kuganda.

Draiva safi ikianguka tena, hamishia kadi kwenye kompyuta nyingine. Ikianguka na huko, kadi ndiyo mbovu.